Weupe wa E171: Ulaya imeukataa, Codex inauruhusu

Geuza pakiti ya chingamu nyeupe usome maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta E171, INS 171 au titani dioksaidi, hiyo ni rangi ambayo tangu Agosti 2022 haiingii tena kwenye chakula kipya kinachopelekwa soko la Umoja wa Ulaya. Marekani inairuhusu hadi asilimia 1 ya uzito wa chakula, tangu 1966. Uingereza na Kanada zimeupitia ushahidi huohuo zisione sababu ya kuipiga marufuku. Codex, mkusanyo wa kimataifa wa kanuni za chakula unaotegemewa na viwango vingi vya Afrika Mashariki, nayo inairuhusu.

E171 ni unga uleule unaotia weupe rangi za kuta na dawa za meno. (Mchanga wa titani uliochimbwa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwisho wa 2024 ulikuwa malighafi ya viwanda vya namna hii.) Kazi yake ni kutawanya mwanga, na kazi hiyo huifanya vizuri zaidi chembe zikiwa na kipenyo cha nanomita 200 hadi 300. Zikishuka chini ya 100, ndizo zinazoitwa nano, weupe unafifia. Ndiyo maana losheni nyingi za kukinga jua hutumia hizo ndogo, ili ngozi isionekane imepakwa chokaa. Kwa hiyo mtengeneza peremende hahitaji chembe za nano. Zinaingia kwa mlango wa uani, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotoa unga wenye chembe zilizolingana zote.

Ni nyingi kiasi gani? Inategemea unahesabu au unapima. Chukua chembe mbili za duara, moja ya nanomita 250, nyingine ya 50. Kubwa ina kipenyo mara 5 ya ndogo, lakini uzito wake ni mara 125. Changanya idadi sawa ya kila aina: kwa kuhesabu, nusu ya unga ni nano, kwa mizani, nano haifiki asilimia 1. Anayetetea E171 atakutajia uzito, anayeipinga atakutajia idadi, na wote wawili wanasema kweli.

Moto uliwashwa Januari 2017, watafiti wa INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, walipochapisha jaribio la siku 100. Panya walinyweshwa E171 kwenye maji, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wao kwa siku, na takriban asilimia 40 wakaonekana na vidonda vya awali kwenye utumbo mpana, vya aina inayoweza kutangulia saratani. Saratani yenyewe haikuonekana. Ufaransa ikasimamisha matumizi yake kwenye chakula kuanzia Januari 2020.

Wakosoaji wana hoja nzito. Chembe za jaribio lile zilitawanywa kwenye maji kwa mawimbi ya sauti, wakati ndani ya chakula hugandamana na kushikwa na protini na mafuta, na nyingi hutoka na kinyesi. Jaribio la Marekani la 2019 lilichanganya E171 kwenye chakula cha panya kwa siku 100, na vidonda vile havikuonekana. Lililipiwa na sekta yenye maslahi na rangi hiyo, jambo ambalo peke yake halilibatilishi.

Ila wasiseme kwamba dozi ya Wafaransa ilikuwa ya ajabu. Mtoto wa kilo 20 akila gramu 20 tu za aisingi ya keki iliyotiwa rangi hadi kikomo cha Marekani, amemeza miligramu 200, yaani 10 kwa kila kilo. Vyakula vingi havifiki kikomo hicho, lakini hesabu inaonyesha hatuzungumzii debe zima.

Mei 2021, EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, haikusema E171 inaleta saratani. Ilisema kinachofyonzwa mwilini ni kidogo ila kinaweza kujilimbikiza, kwamba uwezekano wa kudhuru DNA haukuweza kuondolewa, na kwamba haikupatikana saizi ya chembe ambayo juu yake hofu inakwisha. Bila mstari huo, hakuna kiwango salama cha kuweka. Novemba 2023, JECFA, kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, ilisema vipimo vya DNA vilivyopo haviziwezi vizuri chembe za aina hii, ikabaki na msimamo kwamba hakuna haja ya kikomo cha ulaji. Wanaoitetea E171 huongeza jaribio la Marekani la 1979: panya walilishwa hadi asilimia 5 ya chakula chao kwa takriban miaka miwili, bila dalili ya saratani kuthibitika.

Mzozo, basi, ni wa nani abebe shaka. Kwenye chakula, naona EFSA imepatia: E171 haileti lishe wala haizuii kuharibika, inapendezesha tu. Kwenye vidonge mizani inageuka. Nifedipine, dawa ya shinikizo la damu, huharibiwa na mwanga, na ganda lenye titani ndilo ngao yake. Ulaya yenyewe iliiacha E171 kwenye dawa, na mgonjwa asiache kidonge kwa kusoma namba hiyo.

Kwa mwenye kiwanda, kubadilisha si kazi ya siku moja. Wanga wa mchele ukichukua nafasi ya E171 hufunika kidogo, hivyo peremende inahitaji matabaka zaidi ya shira na muda mrefu wa kukausha. Ukiharakisha, ganda linapasuka. Kalsiamu kaboneti, E170, ni rahisi kupatikana, lakini ikikutana na asidi ya sitriki ya peremende chachu inatoa gesi, ganda linafanya vipovu na uchachu unapungua. Na anayeandika "haina nano" kwa kuwa ametoa E171 aangalie kwanza kama kwenye unga wake kuna E551, silika ya kuzuia kugandamana: chembe zake za msingi nazo ni za nanomita, zilizoshikana mafungumafungu.