Huyo mnyoo wenu mng'oeni meno

Ile klipu ya mnyoo wa moto inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza nimeiangalia hadi mwisho, na kiukweli aliyeitunga kaniangusha. Eti anaishi kwenye maji yanayochemka chini kabisa, ana meno ya msumeno, usiku anaibuka upande wa Ukerewe anameza mitumbwi. Sasa ziwa letu mwisho wake ni mita 80 hivi, hayo maji ya moto yako wapi? Angemweka Tanganyika walau, kule ni zaidi ya mita 1,400 na chemchemi za moto chini ya maji zipo kweli, upande wa Kongo.

Kutunga sio kosa, stori hizo mi nazipenda. Ila kwa nini kila mnyama wa majini lazima apewe meno? Mwaka 1977 wanajiolojia walishuka na nyambizi inayoitwa Alvin kutafuta chemchemi za moto karibu na visiwa vya Galápagos, bahari ya Pasifiki, kama mita 2,500 chini, giza totoro, baadaye huko huko ikaonekana minyoo mikubwa imesimama ndani ya mirija myeupe, vichwa vyekundu, wengine wanapita mita mbili. Kwenye msafara ule hakukuwa na mwanabiolojia hata mmoja, sampuli zingine wakaziloweka kwenye vodka (hapo nilicheka). Na huyo mnyoo akishakua hana mdomo, hana utumbo, choo ndo usiulize. Ule wekundu ni himoglobini, inabeba oksijeni pamoja na ile gesi ya mayai viza ambayo sisi ingetuua, inawapelekea bakteria waliojaa mwilini mwake na hao ndo wanampikia. Aliyeng'amua hilo alikuwa mwanafunzi wa Harvard, Colleen Cavanaugh, mwaka 1980, bado bwana mdogo wa klipu anatuletea meno!

Mi ningetunga hivi: mnyoo kashikana na mwamba, hawezi kuhama, maji ya moto yakikata na yeye kwisha. Mvuvi wa Kirumba mamba anamjua, hatishiki na meno, muulize kuhusu sangara kukata uone atakavyonyamaza. Na minyoo hiyo kwisha yote imewahi kutokea, kule Galápagos kulikuwa na eneo linaitwa Rose Garden limejaa hiyo minyoo, wanasayansi wakarudi 2002 wakakuta lava mpya imefunika kila kitu, halafu jirani tu kuna vinyoo vidogo vinaanza maisha. Hapo tayari una sizoni ya pili.