Kutarajia Si Kuota: Mtazamo Chanya Unavyoeleweka Vibaya

Ubishi kuhusu mtazamo chanya umegawa watu kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema furaha huanzia kichwani: waza mazuri, amka na bashasha, mengine yatajipa. Ya pili, ambayo sauti yake imepanda sana miaka ya karibuni, inasema hayo ni kulazimishana kufurahi, na kwamba mtu mwenye shida anahitaji shida yake itatuliwe, si kuhubiriwa. Kambi hii ya pili ina haki katika mengi. Tatizo ni kwamba inapoitupa hoja nzima inatupa pamoja nayo sehemu yenye ushahidi mzito, na wanaoumia ni wale wale inaotaka kuwatetea: walioelemewa na kukata tamaa.

Yale ambayo wapinzani wameyathibitisha yapewe nafasi yake kwanza. Mwaka 2007 mwanasaikolojia James Coyne na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo, na hali ya kihisia ya mgonjwa haikutabiri nani angeishi zaidi. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa "ukikata tamaa ndiyo utakufa" anamtwisha lawama juu ya maradhi, na hana ushahidi. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliwataka watu wajiambie "mimi ni mtu wa kupendwa" kila kengele ilipolia. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walinufaika kidogo tu. Waliojidharau walimaliza wakiwa na hali mbaya kuliko wenzao ambao hawakujiambia chochote, kwa sababu ukitamka jambo usiloliamini akili hukimbilia kukuletea mashahidi wa kulipinga. Naye Iris Mauss, mwaka 2011, alionyesha kwamba watu waliosomeshwa kwanza juu ya umuhimu wa furaha hawakuifurahia filamu ya kuchangamsha kama walivyoifurahia ambao hawakusomeshwa. Walikuwa wakijipima badala ya kutazama.

Kuna na lawama ambayo haihitaji maabara. Wafanyakazi wanauliza kuhusu malipo ya saa za ziada, bosi anawajibu kwa semina ya kuwa na mtazamo chanya. Hapo maneno mazuri yamegeuzwa kuwa kizibo cha midomo, na anayekasirika ana haki ya kukasirika.

Hoja hizo zote ninazikubali. Lakini tazama zinapiga nini: kujisifu kusikoaminika, furaha ya kuamrishwa, matumaini yanayouzwa kama dawa ya saratani. Hakuna hata moja inayomgusa mtu ambaye, akiangalia kazi iliyo mbele yake na rekodi yake mwenyewe, anaona kwamba inawezekana na anaanza. Huyo ndiye mwenye mtazamo chanya unaostahili jina hilo, na tunao utafiti mmoja unaomtenga vizuri na mwenzake anayeota tu.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1991 na wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden. Walifuatilia wanawake 25 waliojiunga na mpango wa kupunguza uzito, na mwanzoni kabisa waliwapima kwa njia mbili tofauti. Kwanza waliwauliza: unatarajia kufanikiwa kwa kiasi gani? Kisha waliwapa visa vifupi visivyokamilika, wavimalizie kwa mawazo yanayowajia: umemaliza mpango, unakutana na rafiki ambaye hamjaonana siku nyingi, uko mahali penye vyakula vya kukujaribu. Mwaka mmoja baadaye, waliotarajia kufanikiwa walikuwa wamepunguza takriban kilo 12 zaidi ya waliotarajia kushindwa. Hadi hapo kambi ya kwanza inashangilia. Ila wale ambao mawazo yao yalikuwa matamu mno, waliojiona tayari wembamba na wanapita kando ya vyakula bila hata kutamani, walipunguza takriban kilo 11 pungufu ya waliowaza kwa mashaka.

Kaa na namba hizo kidogo. Ni watu wale wale na mizani ile ile. Vipimo vyote viwili mtu wa kawaida angeviita "kuwaza mazuri", na vimevuta pande mbili zinazopingana kwa nguvu inayokaribiana. Wanawake 25 ni wachache, na kama mambo yangeishia hapo isingefaa kujenga juu yake. Lakini mwelekeo huo umejirudia: mwaka 2002 Oettingen na Doris Mayer walikuta wahitimu waliokuwa wakiota sana kuhusu ajira nzuri walituma maombi machache ya kazi, wakapata nafasi chache na mishahara midogo, wakati waliotarajia kwa dhati kupata kazi walipata zaidi. Sababu yake nayo imeonekana mwilini. Mwaka 2011 Oettingen akiwa na Heather Kappes walipima shinikizo la damu la sistoli, yaani ile namba ya juu kwenye kipimo, ambalo hupanda kidogo mtu anapojiandaa kwa jitihada, wakakuta kwamba ndoto tamu hulishusha. Mwili umeshaonjeshwa ushindi, unapumzika. Anayetarajia bado anaidai kesho, kwa hiyo anaamka.

Ndiyo maana nasema mtazamo chanya umesingiziwa. Wauzaji wake wanauza ndoto na wapinzani wanaishambulia ndoto hiyo hiyo, huku matarajio, yenye kazi ya kweli, yamekaa kando bila wakili.

Sasa, matarajio hayaagizwi. Huwezi kuamua Jumatatu kwamba tangu leo unatarajia mema. Hujengwa kutokana na jinsi mtu anavyojieleza sababu ya mambo kumwendea vibaya, na hapa Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ametoa kifaa kinachotumika hadi leo. Chukua mtu aliyeshindwa usaili wa kazi, na andika sentensi inayomjia ile jioni: "Mimi sifai." Sentensi hiyo imebeba madai matatu kwa mpigo: kwamba sababu ni ya kudumu, kwamba inaenea kila mahali, na kwamba yote ni yeye. Kila dai lijibiwe peke yake, kwa maandishi. Je, ni la kudumu? "Swali la bajeti sikulijibu kwa sababu sikulisomea, linasomeka." Je, linaenea? "Maswali ya usimamizi niliyajibu bila kusita." Je, ni mimi tu? "Tulikuwa wengi na nafasi ilikuwa moja, uzembe wangu ni kutosomea bajeti." Ukisoma majibu hayo hutaona sifa hata moja ya kujipamba. Ni mahesabu yaliyosahihishwa, na yanamwachia mtu kazi ya kufanya kesho: kusomea bajeti. Hapo ndipo zoezi hili linapoachana na wimbo wa "mimi ni mtu wa kupendwa" uliowaumiza washiriki wa Wood. Makosa yanayoliharibu ni mawili: kulifanya kichwani bila kuandika, ambako mtu huzunguka tu palepale, na kujisafisha kabisa kwa kuwalaumu wengine, ambako hakumwachii mtu la kurekebisha.

Jambo moja juu ya Seligman linastahili kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana. Yeye na Steven Maier ndio walioonyesha mwaka 1967 kwamba mnyama aliyepata maumivu asiyoweza kuyazuia huacha hata kujaribu pale ambapo kutoroka kumewezekana. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mnyama amejifunza kutojiweza. Mwaka 2016 wawili hao waliandika kwamba walikuwa wamelielewa kinyume: kunyong'onyea ndiyo hali ya asili ya kiumbe mbele ya maumivu ya muda mrefu, na kinachojifunzwa ni kwamba jambo fulani liko ndani ya uwezo wako. Somo hilo hushikwa na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutuliza ile ya chini. Kwa anayejilaumu kwa kukosa moyo, habari hii ni kubwa. Hana kasoro ya tabia. Amekosa tu mifano ya kutosha ya kitendo chake mwenyewe kubadilisha kitu.

Ari nayo huzaliwa kwa njia hiyo hiyo, na hapa wengi huanza na mguu usio wake: wanangoja hamu ndipo waanze. Tiba ya sonona inayoitwa uamshaji wa vitendo inageuza mpangilio huo. Mtu hupangiwa kitendo kwanza, hamu ifuate ikitaka. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lenye watu 440 wenye sonona, David Richards akiwa kiongozi, na tiba hii nyepesi, iliyotolewa na wahudumu wenye mafunzo mafupi, haikuwa dhaifu kuliko tiba ya kurekebisha fikra na tabia iliyotolewa na wataalamu wa gharama zaidi.

Kwa asiye mgonjwa lakini amepoa, utaratibu ni ule ule kwa kipimo kidogo. Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Andika saa kwa saa ulichofanya, na kando yake namba kutoka 0 hadi 10 ya jinsi ulivyojisikia. Wiki ya pili chagua vitendo viwili au vitatu tu, kila kimoja na siku yake, saa yake, mahali pake na urefu wake: dakika 10 zinatosha. Changanya aina mbili, kile kinachokupa raha na kile kinachokupa ile hisia ya "nimekiweza". Ukijaza majukumu matupu utajichosha. Ukijaza starehe tupu hutajenga imani katika uwezo wako. Namba iandikwe kabla na baada ya kitendo, kwa sababu mtu aliyeishiwa moyo hukumbuka vibaya: jioni atakuambia kutembea hakukusaidia lolote, na daftari litaonyesha kwamba alitoka 3 akafika 5. Usipandishe dakika hadi kitendo kifanyike mara kadhaa bila kukuvuta. Na hali ya kukosa raha kwa kila kitu ikidumu wiki mbili au zaidi, ikagusa usingizi na chakula, hapo ni kwa daktari. Uende na daftari lako, litamsaidia.

Shukrani, ambayo imekuwa wimbo wa kila mtu, nitaipitia haraka. Robert Emmons na Michael McCullough walionyesha mwaka 2003 kwamba kuorodhesha mambo ya kushukuru kila wiki kwa wiki 10 kuliwafanya watu wayaone maisha yao kuwa bora. Lakini Sonja Lyubomirsky na wenzake walikuta mara moja kwa wiki inafaa na mara tatu haifai, kwa kuwa zoezi likigeuka desturi halionjwi tena. Anayeandika "afya, familia, kazi" kila usiku hafanyi kitu. Andika tukio moja la wiki hii, na sababu ya kutokea kwake.

Kuna takwimu moja ambayo kambi ya kwanza huipenda kupita kiasi. Mwaka 2019 uchambuzi wa wanawake 69,744 na wanaume 1,429 nchini Marekani ulikuta kwamba wenye matumaini zaidi waliishi, kwa wastani, kati ya asilimia 11 na 15 zaidi ya wenye matumaini kidogo kabisa. Ni utafiti wa kufuatilia, si wa kujaribu, na mwenye afya au kipato ana sababu nyingi za kuwa na matumaini. Watafiti walizingatia hayo, wakazingatia pia uvutaji sigara, mlo na mazoezi. Pengo likapungua, halikwisha. Mimi ningeitumia kwa kiasi: inatosha kuonyesha kwamba matumaini hayamfanyi mtu mzembe wa afya yake, kama wapinzani wanavyohofia. Kumwahidi mtu miaka kwa ajili ya tabasamu ni kurudi kwenye dai lile lile ambalo Coyne hakulipatia ushahidi.

Linabaki swali gumu la wapinzani: vipi kuhusu yule ambaye shida yake ni ya kweli na haiko kichwani? Oettingen ana zoezi la hatua nne. Taja tamanio lenye muda, tuseme kati ya siku moja na wiki nne. Ona kwa undani matokeo bora. Kisha, na mpangilio huu usigeuzwe, ona kikwazo kikuu kilicho ndani yako. Mwisho andika mpango wa sentensi moja, "ikitokea hivi, nitafanya hivi", mbinu ya Peter Gollwitzer ambayo mwaka 2006 ilipimwa katika majaribio 94 na kuonekana kusaidia kwa kiwango cha kuridhisha. "Nitajitahidi" si mpango. "Nikikaa kitini nikashika simu, nitaiacha chumba kingine na kufungua daftari" ni mpango.

Zoezi hilo lina tabia ambayo haisemwi sana: anayeona kwamba uwezekano ni mdogo, likimpitisha sawasawa, humfanya aache. Halimng'ang'anizi kwa maneno matamu. Yule mfanyakazi wa saa za ziada akilifanya kwa uaminifu, tamanio la "kuipenda kazi hii zaidi" huenda likaanguka kwenye hatua ya tatu, kwa kuwa kinachomzuia si moyo wake, ni malipo. Tamanio jipya litakuwa dogo na lenye tarehe: kuorodhesha saa zote za miezi mitatu iliyopita, kuwapata wenzake wawili wenye orodha kama hiyo, na kupeleka barua moja yenye saini tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Kikwazo cha ndani ni woga wa kuwa wa kwanza kusema, na mpango wake ni huu: "nikisita mlangoni, nitampigia mwenzangu tuingie pamoja."