Si Kila Mtoto wa Mbwa Aliyekufa Amelishwa Sumu

Kila mara watoto wa mbwa wanapokufa kwa mfululizo katika mtaa mmoja hapa Tabora, neno la kwanza kusikika ni sumu. Mwenye mbwa huona damu kwenye kinyesi, huona matapishi yenye povu, humwona mtoto wa mbwa aliyekuwa akirukaruka juzi akishindwa kuinua kichwa, naye huanza kuwapitia kichwani majirani aliowahi kukosana nao. Lawama hizo nimezisikia Isevya na nimezisikia Ipuli, na nimeona watu waliosalimiana kwa miaka mingi wakipitana kimya kwa sababu ya mbwa ambao, kwa maelezo yote ya wenyewe, walikuwa na dalili za parvo, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na virusi. Sikatai kwamba wapo wanaotega sumu. Ninachosema ni kwamba maradhi yanayowaua watoto wa mbwa mmoja baada ya mwingine ndani ya siku chache, huku mama yao akiendelea kula na kubweka kama kawaida, yatazamwe kwanza kama maradhi. Na maradhi haya yana chanjo ambayo wengi wetu ama hatuijui, ama tunaianza bila kuimaliza.

Sumu ina mwenendo wake. Dawa nyingi za kuulia wadudu, ambazo katika mkoa wa wakulima wa tumbaku na pamba hazikosekani majumbani, humfanya mbwa atokwe na mate mengi, atetemeke na kupata degedege muda mfupi baada ya kuila, wala hazibagui mkubwa na mdogo. Parvo huja kwa njia nyingine. Kutoka siku ya kuambukizwa hadi dalili ya kwanza hupita kwa kawaida siku tatu hadi saba, wakati mwingine hata wiki mbili, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa wiki sita hadi miezi sita. Mtoto wa mbwa huanza kwa kunyong'onyea na kukataa chakula, kisha hutapika, kisha huharisha maji yenye damu na harufu nzito ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Katika ua mmoja wa Cheyo niliwakuta watoto wa mbwa wamelazwa juu ya gunia chini ya mwembe, na mwenyeji alikuwa amewanywesha maziwa na mafuta ya kula ili watapike sumu. Niliivuta ngozi ya shingo ya mmoja wao kwa vidole viwili. Ilibaki imesimama pale pale nilipoiachia, kwa jinsi mwili ulivyokuwa umeishiwa maji. Fizi zake zilikuwa zimepauka na zimekauka, na mafuta yale yalikuwa bado yanang'aa kwenye manyoya ya kidevu. Mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea uani yalihusu nani alipita usiku karibu na ukuta.

Kinachotokea ndani ya mwili wa mbwa huyo kinaeleweka vizuri. Virusi vya parvo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na mtoto wa mbwa anayekua amejaa seli za namna hiyo. Huharibu seli zinazoufanya upya utando wa utumbo, na wakati huo huo huharibu uboho wa mifupa, mahali zinapotengenezwa chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo bakteria wanaoishi utumboni hupenya na kuingia kwenye damu saa ile ile ambayo walinzi wa mwili wamepungua. Hakuna kidonge cha kawaida cha kuviua virusi hivyo. Anachofanya daktari wa mifugo ni kumtundikia mbwa dripu ili kurudisha maji na chumvi alizopoteza, kuzuia kutapika, kumpa antibayotiki dhidi ya bakteria waliopenya, kumtunza katika joto linalofaa na kumlisha kidogo kidogo, hadi mwili wake utengeneze kinga yake wenyewe. Wanaopata matibabu hayo mapema na kwa ukamilifu, wengi hupona. Wasiopata matibabu yoyote, hata tisa kati ya kumi wanaweza kufa. Tetrasaiklini iliyonunuliwa dukani na kusagwa kwenye uji haimrudishii maji mbwa anayetapika, na mafuta anayonyweshwa kwa nguvu akiwa amelegea yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Parvo si ugonjwa wa enzi za mababu. Ulitambuliwa mwaka 1978, ukiletwa na virusi vinavyokaribiana sana na vile vinavyosababisha panleukopenia kwa paka, na ndani ya miaka miwili hivi ulikuwa umeenea duniani. Wakati huo walikufa mbwa wa kila umri, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja mwenye kinga. Leo tunauita ugonjwa wa watoto wa mbwa kwa kuwa mbwa wengi wakubwa wamekwisha kupata kinga, ama kwa chanjo, ama kwa kuugua wakapona. Napenda sana watu waielewe hoja hii, maana wengi huniambia kwamba mbwa wa kienyeji ni mgumu, hahitaji mambo ya kizungu. Ni kweli kwamba baadhi ya aina za mbwa, kama Rottweiler na Doberman, huumia zaidi. Lakini mbwa wa kienyeji tunayemwona mgumu ni yule aliyebaki, na wenzake waliozaliwa naye tumekwisha kuwasahau.

Mkanganyiko mkubwa, kwa maoni yangu, unatokana na jambo jema. Tanzania, kama nchi nyingine, huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani tarehe 28 Septemba, na katika majira hayo wataalamu wa mifugo huchanja mbwa na paka katika kata mbalimbali, mara nyingi bila malipo. Chanjo hiyo ni ya lazima kabisa kwa sababu kichaa cha mbwa humwua binadamu, na dalili zake zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Mwenye mbwa huondoka pale na kadi mkononi, na tangu siku hiyo ukimwuliza kama mbwa wake amechanjwa atakujibu ndiyo, naye hasemi uongo. Ila amechanjwa dhidi ya ugonjwa mmoja. Chanjo ya kichaa haimkingi mbwa dhidi ya parvo hata kidogo, na kwa kuwa kwa kawaida hutolewa mtoto wa mbwa akiwa na miezi mitatu, wengine huwa wamekwisha kufa kabla ya kuifikia meza ile. Parvo haimwambukizi binadamu, na nadhani ndiyo sababu haitangazwi kwa kipaza sauti mtaani.

Sasa nije kwenye chanjo isiyomalizwa, ambayo inanisikitisha zaidi kuliko kutochanja kabisa, kwa sababu mwenye mbwa ametoa fedha yake, amebeba mbwa wake mpaka kwa mtaalamu, kisha mbwa anakufa na mtaa mzima unahitimisha kwamba chanjo haifai. Mtoto wa mbwa hupata kingamwili kutoka kwa mama yake, hasa kupitia maziwa ya kwanza. Kingamwili hizo humlinda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi, kwa kuwa huvidhibiti virusi vya chanjo vilivyodhoofishwa kabla mwili wa mtoto haujajifunza kupambana navyo. Hupungua polepole, kwa nusu katika kila siku kumi hivi, na kasi ya kuisha hutofautiana kati ya mtoto na mtoto wa uzao mmoja, kutegemea nani alinyonya zaidi. Kuna kipindi kibaya katikati ambapo zilizobaki ni chache mno kumkinga na ugonjwa, lakini bado zinatosha kuikwamisha chanjo. Hakuna anayeweza kukitambua kipindi hicho kwa kumtazama mbwa kwa macho. Ndiyo maana chanjo huanza katika wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, na ya mwisho katika mfululizo huo isitolewe kabla mbwa hajatimiza wiki 16. Baadaye hufuata ya kuimarisha kinga, kati ya miezi sita na mwaka mmoja, na baada ya hapo kinga ya parvo hudumu miaka mitatu au zaidi.

Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa mara moja akiwa na wiki saba asihesabiwe kuwa amekingwa. Mwenye uwezo wa kulipia dozi moja tu naye ana la kufanya. Chama cha Dunia cha Madaktari wa Wanyama Wadogo kimeeleza katika mwongozo wake kwamba, pale ambapo haiwezekani kutoa zaidi ya chanjo moja, itolewe mbwa akiwa na wiki 16 au zaidi, kwa kuwa katika umri huo kingamwili za mama kwa kawaida zimekwisha. Hadi umri huo atalazimika kufungiwa ndani ya ua, mbali na mbwa wa kupita, na hilo si rahisi, lakini fedha itakuwa imetumika mahali panapoonekana faida.

Lipo pia suala la jokofu. Chanjo hii huja katika vichupa viwili, kimoja kikiwa na unga mkavu ulioganda chini, cha pili kikiwa na maji ya kuuyeyushia, na yote hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi mpaka muda wa kuchanganya. Umeme ukikatika mchana kutwa Oktoba, jokofu la duka likawa linafunguliwa kila dakika kwa ajili ya soda, kichupa kile kitaonekana kizima kabisa na hakitamkinga mbwa yeyote. Muulize mtaalamu anahifadhi wapi chanjo zake, mtake achanganye mbele yako, na ubandike kwenye kadi ile lebo ya kichupa yenye namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Mtaalamu mzuri hachukizwi na maswali hayo. Na kwa kuwa duka la dawa za mifugo husita kuagiza vichupa viwili vitatu kutoka Dar es Salaam au Mwanza, ni afadhali wenye mbwa wa mtaa mmoja waelewane, waorodheshe watoto wa mbwa walionao na umri wao, waagize pamoja na kuchanja siku moja. Wanaume kwa wanawake tunachangiana harusi na misiba kwa utaratibu mzuri, hili halituzidi.

Ardhi nayo hukumbuka. Virusi hivi havina utando wa mafuta, kwa hiyo sabuni na spiriti haviviharibu kwa urahisi, na penye kivuli na unyevu, kama vile chini ya miembe yetu, vinaweza kudumu miezi mingi, hata mwaka. Mbwa huanza kuvitoa kwenye kinyesi kabla hata hajaonekana mgonjwa, vikabebwa na kandambili, matairi ya baiskeli na nzi. Watu huzika watoto wa mbwa Jumatatu na kuleta mwingine Jumamosi katika banda lile lile, naye akifa habari ya sumu inapata nguvu mpya. Kinyesi kiondolewe chote na kuzikwa mbali, sakafu isafishwe kwanza kwa maji na sabuni, kisha imwagiwe jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu 30 za maji na kuachwa angalau dakika kumi. Udongo hausafishiki hivyo; hapo asiletwe mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake.

Wafugaji na warina asali wanaoongozana na mbwa hadi kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla wana sababu ya ziada, kwa kuwa mbweha na mbwa mwitu nao huambukizwa parvo. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa ambao chanjo yake kwa kawaida huwa katika kichupa kimoja na ile ya parvo, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Ombi langu kwa maofisa mifugo wa Manispaa ya Tabora na wilaya zetu ni dogo. Siku ya kuchanja kichaa, yule anayeandika kadi mezani amwulize kila aliyeleta mbwa kama kuna watoto wa mbwa nyumbani, aandike wamezaliwa lini, na nyuma ya kadi aweke tarehe tatu za parvo pamoja na jina la mahali chanjo inapopatikana. Na pale watoto wa mbwa wanapokufa kwa pamoja, sampuli ipelekwe maabara kupitia kwa mtaalamu wa mifugo wa kata, tena siku hiyo hiyo, kabla mizoga haijaoza na kabla kikao cha mjumbe hakijaitwa kumjadili jirani.