Akiba haiozi, lakini vitu vinaoza

Mtu akisema anataka kuishi na vitu vichache, jibu la kwanza analopewa ni methali: akiba haiozi. La pili, likisemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba ameanza ubahili, au mambo yamemwendea kombo na anatafuta jina zuri la kuyafichia. Kati ya majibu hayo mawili, la methali lina uzito na linastahili kusikilizwa. Tatizo ni kwamba methali inazungumzia akiba, nasi tumeinyoosha mpaka ikafunika kila kilichorundikwa stoo.

Chukua viatu vyenye soli ya poliyurethani, ile laini na nyepesi inayotumika sana kwenye viatu vya kutembelea na vya kazini. Vimewekwa kwenye boksi vikisubiri siku maalumu. Humo ndani unyevu wa hewani hauchoki: unavunja soli kidogo kidogo, kwa njia ya kikemikali, bila alama yoyote kwa nje. Miaka inapita, siku maalumu inafika, ngozi inang'aa kama ya jana. Mwenyewe anatembea hatua chache, soli inamomonyoka vipande vipande kama keki kavu. Jozi hiyo ingevaliwa tangu mwanzo ingekuwa imeshalipa gharama yake kwa hatua. Iliyotunzwa haikulipa hata moja.

Vitu vingi viko hivyo. Petroli iliyoachwa ndani ya jenereta kwa miezi inapoteza sehemu zake nyepesi, na inayobaki inageuka utomvu unaoziba jeti ya kabureta, kile kitundu chembamba kinachopitisha mafuta. Ndiyo maana jenereta ya dharura inagoma kuwaka siku ya dharura yenyewe. Betri ya lithiamu iliyowekwa droo ikiwa tupu inaendelea kuvuja chaji polepole, na ikishuka kupita kiasi, saketi yake ya ulinzi inaweza kuizuia isichajiwe tena. Inapaswa kuhifadhiwa ikiwa na chaji karibu nusu, mahali pasipo joto, na kuangaliwa kila baada ya miezi michache. Je, nani anaziangalia betri za simu tatu za zamani zilizoko kwenye droo? Hoja ya kuishi na vichache ndipo inapoanzia, na ndipo isipoeleweka. Umiliki hauishii dukani. Kila kitu kinachoingia nyumbani kinakuja na kazi yake, na kazi hiyo isipofanywa kinaharibika kikiwa bado kinaitwa mali.

Kuhusu furaha, wahubiri wa kupunguza vitu huzidisha chumvi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 ulioongozwa na mwanasaikolojia Helga Dittmar, uliounganisha matokeo ya sampuli zaidi ya 250, ulionyesha kwamba watu wanaoweka mali mbele sana wana ustawi mdogo wa nafsi kwa wastani, lakini uhusiano huo si mkubwa. Ulionekana kwa nguvu zaidi kwenye manunuzi yasiyozuilika, tabia zinazohatarisha afya, na namna mtu anavyojidharau. Tena uhusiano wa aina hii hausemi kipi kilitangulia: huenda mtu asiyejiamini ndiye anayekimbilia vitu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukitoa nusu ya kabati utaamka na furaha.

Hoja yenye nguvu iko kwenye saa. Watu wengi hupima bei kwa saa za kazi, na hesabu yao huanza vibaya. Tuseme mtu anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: saa 176. Anagawa mshahara wake wa mkononi kwa 176 na kupata thamani ya saa moja. Lakini saa 2 kwa siku anazitumia njiani kwenda na kurudi, hivyo kazi inachukua saa 220. Na tuseme asilimia 20 ya mshahara inaliwa na kazi yenyewe: nauli, chakula cha mchana, nguo ambazo asingezinunua kama si ofisi. Kilichobaki ni 80 kwa 100, kigawanywe kwa 220. Saa yake haina thamani anayoidhania. Ina asilimia 64 tu ya hiyo.

Hiyo 64 inafaa kukaa nayo. Kitu alichodhani kinamgharimu saa 30 kinamgharimu karibu saa 47. Akikichukua kwa mkopo wa mwaka mmoja wenye riba ya asilimia 20 juu ya mkopo wote wa mwanzo, zinakuwa 56, na bado hajaanza kukisafisha, kukitengeneza wala kukitafutia nafasi. (Riba hiyo yenyewe inapotosha: kwa kuwa deni linapungua kila mwezi huku riba ikihesabiwa kana kwamba halipungui, asilimia 20 hiyo ni sawa na karibu 35 juu ya salio.) Kila mtu atapata namba yake. Anayetumia dakika 40 tu njiani, na ambaye kazi inamla asilimia 10, anafika 83. Hata hivyo, ni nadra mtu kuifanya hesabu hii na kukuta aliipa saa yake thamani pungufu ya stahili. Karibu wote wanakuta wameizidishia. Hapo kununua kichache kunaacha kuwa ubahili. Ni mtu kukataa kuuza wiki nzima ya uhai wake kwa bei ambayo hakuiona imeandikwa popote.

Na kitu kimoja huvuta kingine. Denis Diderot, mwandishi wa Ufaransa, alieleza mwaka 1769 jinsi joho jipya la nyumbani lilivyofanya meza, kiti na picha zake zionekane duni, akazibadilisha moja baada ya nyingine. Alilalamika kwamba la zamani alilitawala, jipya likamfanya mtumwa.

Upande wa pili una jambo ambalo wenye nacho hulisahau. Kutoa kitu leo ni rahisi kwa anayeweza kukinunua tena kesho. Kwa asiye na uhakika wa kipato, blanketi la ziada na sufuria kubwa ni bima, na kumwambia mtu aliyewahi kukosa kwamba anang'ang'ania vitu ni ukatili. Kwake kipimo kinachopendwa, cha lini ulikitumia mara ya mwisho, hakifai kabisa. Kizima-moto hakijatumika miaka yote na kinapaswa kubaki. Swali bora ni hili: nikikihitaji, nitakipata kwa haraka gani na kwa gharama gani?

Wanaoshindwa kupunguza mara nyingi wameanza mwisho. Wanatoa magunia wikendi moja, mlango wa kuingizia vitu wakiuacha wazi, na ndani ya miezi michache rafu zimejaa upya, safari hii kwa deni. Anza na mlango: siku 30 bila kununua kisicho chakula, dawa, au mbadala wa kilichoharibika. Unachokitamani kiandike pamoja na tarehe. Mwisho wa mwezi ukipitia orodha utakuta vingine hukumbuki hata ulivitakia nini. Ndipo uchukue boksi, uweke unavyovitilia shaka, ulifunge kwa gundi, uandike tarehe ya miezi sita mbele. Ukihitaji kitu kitoe, kirudi kwenye maisha. Vitakavyobaki vitoe vikiwa bado vizima, kabla soli haijamomonyoka, maana anayepewa kibovu amepewa kazi ya kukitupa.

Nyaraka, vifaa vya huduma ya kwanza na tochi visiingie boksini. Wala vitu vya mwenzako wa nyumbani, bila yeye kujua. Akigundua shati lake moja limeondoka kimyakimya, ataanza kulinda hata yale mabovu, na kabati litakalofuata hutalifungua tena mkiwa mnaelewana.