Uchafu Unaopendeza: Picha za Edward Burtynsky

Mto wa rangi ya chungwa iliyokolea unakata ardhi nyeusi tii. Ukiuona kwa haraka utadhani ni moto wa volkano unashuka mlimani. Kumbe ni maji yanayopita kwenye mabaki ya machimbo ya nikeli huko Sudbury, Kanada, na rangi ile ni chuma kilichoshika kutu. Edward Burtynsky, mpiga picha wa Kanada, aliipiga picha hiyo mwaka 1996, na wakosoaji wamekuwa wakimuuliza swali lile lile: ni halali kweli uchafuzi upendeze kiasi hiki?

Mimi nasema ni halali. Picha ya jalala iliyo mbaya tunaitupia jicho na kupita. Picha za Burtynsky zinakunasa kwa rangi kwanza, halafu unaposoma zimepigwa wapi unaona haya kwamba ulikuwa unazisifia.

Chukua Dandora, jalala kuu la Nairobi, ambalo lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na malori yakaendelea kumwaga taka kama kawaida. Burtynsky alipiga picha pale mwaka 2016. Wapiga picha wengi wakienda Dandora hurudi na mtoto aliyebeba gunia. Tunasema maskini, tunafungua habari nyingine. Kwa Burtynsky ni plastiki, plastiki, plastiki, vilima kwa vilima. Huruma haina pa kushika. Unabaki kujiuliza nani alivinunua vyote hivi na kuvitupa, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, maana mkono wangu umo, na wako pia. (Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Chupa hazikuguswa.)

Lakini lipo jambo silimezi. Majina ya picha zake hutaja kinachoonekana, namba, mahali na mwaka, basi: Dandora Landfill #3, Plastics Recycling, Nairobi, Kenya, 2016. Hata kule Chittagong, Bangladesh, wanakokatakata meli kuukuu ufukweni, mara nyingi wafanyakazi wapo ili tujue meli ni kubwa kiasi gani. Yeye hupenda kumwachia mtazamaji ahukumu mwenyewe. Sudbury nakubali, maana pale ni maji na mawe. Dandora kuna watu wanaochambua plastiki ile kwa mikono na kuiuza kwa kilo kwa madalali. Mistari miwili tu pembeni ya picha ingetosha: nani anaokota, anamuuzia nani, na kilo moja ni shilingi ngapi.