Yaani paa linavuja kisa popo

Nimepanga nyumba huku Leicester, Uingereza, na wenzangu wawili, paa linavuja tangu mwezi wa tisa, ndoo iko pale kwenye ngazi na nikirudi shifti ya usiku naisikia tu tip, tip, tip. Mwenye nyumba siyo mtu mbaya, kaleta fundi, fundi kapanda darini na tochi, hazijapita dakika tano kashuka anasema kazi haifanyiki, kuna mavi ya popo. Nikamwambia si ufagie tu uendelee? Akaniangalia kama nimemtukania mama yake.

Kumbe huku popo ana sheria yake. Popo wote, na pale anapolala panalindwa hata kama mwenyewe hayupo, ukipabomoa ni kosa la jinai. Lazima aje mtaalamu, na mtaalamu mwenyewe haji sasa hivi kwa sababu baridi hii popo wamelala, wanahesabiwa jioni wakitoka, kuanzia mwezi wa tano huko. Mwenye nyumba alitaka na chumba cha ziada hukohuko juu, hicho ndo kabisa, halmashauri imemwambia kibali hakisogei mpaka ripoti ya popo iwepo mezani.

Nikampigia mjomba Lindi nimhadithie. Akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga mwenyewe tena (na mnajua mjomba kupiga kwa vocha yake ni tukio) kuuliza, "Mwanangu, hao popo wanalipa kodi?" Maana sisi popo tunamjua kwa mabibo. Analibeba usiku na korosho yake, anakwenda kulila kwenye mwembe wa watu, asubuhi sisi watoto tunapita kuokota korosho chini, ndo urafiki wetu na popo ulipoishia.

Sasa simu ileile, tumeshamaliza kucheka, mjomba ananipa habari njema: kafungua shamba jipya la ufuta, heka tatu, kule juu porini, moto umeshapita anasubiri mvua tu. Nikanyamaza. Pori hilo nalijua. Kwenye ile ramani iliyobandikwa ofisi ya kijiji, ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, pale pamepakwa kijani, msitu wa hifadhi wa kijiji. Mkutano mkuu ulikaa, watu wakanyoosha mikono, na mjomba alinyoosha, nilikuwepo.

Najua mnachotaka kusema. Kenda Ulaya juzi tu leo anatuletea habari za popo, kasahau ufuta ndo uliomsomesha. Sijasahau. Sare yangu ya fomu wani ilikuwa ufuta, ada ufuta, hata nauli ya kuja Dar kufuatilia viza ilikuwa ufuta. Na najua kwa nini mjomba anakimbilia ardhi mpya, la zamani mwaka wa tatu majani yamemshinda, nguvu kazi hana, vijana wenyewe ndo sisi tuko huku tunasikiliza ndoo. Simlaumu mjomba kwa njaa yake.

Kinachonikera ni kwamba hakuuliza mtu, na hakuna aliyemuuliza. Huku wanakuuliza KABLA, halafu mara nyingi jibu ni ndiyo, jengeni, lakini kwa masharti. Tangu Februari 2024 hapa England kampuni ikitaka kujenga mtaa mzima wa nyumba inapimiwa kwanza nyasi, vichaka, hadi kidimbwi, halafu inatakiwa iache uasili umezidi asilimia 10 kuliko ilivyoukuta, na uangaliwe miaka 30. Kichaka cha miba kinapigiwa hesabu! Mimi mwenyewe naona wamezidisha, na ndoo yangu inakubaliana na mimi. Ila sisi sheria ya mipango ya ardhi tunayo tangu 2007, ya misitu tangu 2002, sheria siyo tatizo, tatizo swali linakuja moshi ukishaonekana. Mtendaji anapanda pikipiki, faini inatajwa, wanakaa chini ya mti (uliobaki), wanaongea, msimu unapita.

Na nikwambieni kitu watu hawapendi kukisema. Ufuta ukifika mnadani halmashauri inachukua ushuru wake. Msitu ukikaa umesimama pale hauwapi hata shilingi ya mafuta. Sasa afisa misitu mmoja, hana usafiri, unamtegemea akamzuie mkulima anayelisha bajeti ya bosi wake?

Mwingine atasema Wazungu wamemaliza misitu yao ndo wanajifanya kulinda popo. Hapo nakubali mia kwa mia! Uingereza nzima misitu ni asilimia 13 tu hivi, kwa hiyo wanagombania vichaka kwa sababu ndo vilivyobaki. Na walikuja hadi kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1940, matrekta Nachingwea, kung'oa pori walime karanga, 1951 wakafunga virago, karanga zenyewe kiduchu tu, tukabaki na bandari Mtwara na stori za wazee. Nilimwambia jamaa mmoja kazini, Mwingereza mtu mzima, hajawahi kusikia hata neno. Anajua popo.

Halafu tusijidharau. Kikole na Kisangi, Kilwa hapo jirani, 2009 misitu yao ya kijiji ilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaovunwa bila kuumaliza, vijiji vya kwanza Afrika nzima kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Wanavuna mpingo kwa mpango, wanauza, hela inabaki kijijini, na hapo utaona kama mtu anaingia na shoka usiku akaachwa. Klarineti zinazopulizwa huku kwenye makumbi yao ni mpingo wa namna hiyo. Kwa hiyo msiniambie sisi hatuwezi.

Kwetu njia ya Rutamba hatuna mpingo wa kutosha kuuza, sawa. Tuna komba. Yule mdogo anayeitwa komba wa Rondo, kwa jina la nyanda za juu za huko kwetu Lindi, gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku, anapatikana kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, dunia nzima hayupo kwingine. Wataalamu walimpa jina la kisayansi miaka ya 1990, bibi yangu alikuwa anamsikia akilia usiku miaka yote na hakuona kama ni habari. Popo wa Leicester, ambaye ukitoka jioni unamkuta mtaa wa pili na wa tatu, ana mtaalamu, ana ripoti, ana wakili akitaka. Komba wetu ana ramani yenye rangi ya kijani.

Nilimuuliza mjomba kama usiku kule juu alikuwa anawasikia. Akasema ndiyo, zamani, wanapiga kelele sana hao. Halafu akanirudisha kwenye popo, lini sasa watahesabiwa? Nikamwambia mwezi wa tano. Akasema basi mpaka hao popo wako wahesabiwe, yeye atakuwa ameshaanza kukata ufuta.