Mikoko ya Salander sawa, ila maji ya Jangwani yanatoka Pugu

Kila masika yakichachamaa Dar tunaanza wimbo uleule, bomoeni mabondeni, pandeni mikoko. Mimi mikoko naipenda, ile ya pale Salander, mto Msimbazi unapoingia baharini, inapunguza nguvu ya mawimbi na samaki wanazalia humo, ila tusiitwishe kazi isiyo yake. Maji yanayofunga barabara Jangwani hayatoki baharini, yanashuka na mto Msimbazi toka vilima vya Pugu, yanapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, yanakuja na mchanga kibao, na yakikuta bahari imejaa yanakosa pa kutokea, hapo ndo balaa lenyewe. Mchanga huohuo ukifika chini unafukia mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, mizizi ile inayochomoza kwenye tope kama vidole ili mti upumue. Mti unakauka umesimama. Sasa miche unampandia nani?

Mradi wa Bonde la Msimbazi, ule Benki ya Dunia iliupitishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, tuseme ukweli, umeliona hili. Mto uchimbwe, daraja la Jangwani liinuliwe, bondeni pawe bustani ambayo maji yakija yajae tu, watu wahame. Kiufundi sina ubishi. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale Jangwani ikawa inaoga kila mvua, kwa hiyo tusijifanye wanaojenga bondeni ni masikini peke yao.

Shida yangu iko kwenye kuhama. Mtu wa Kigogo kitanda kakiinua kwa matofali, mlangoni kajenga kizingiti kinafika magotini, ukutani mstari wa tope bado unaonekana, huyo mto anaujua kuliko mimi na wewe, na habaki pale kwa ujinga, anabaki kwa sababu Kariakoo anaenda kwa mguu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji, haya, kiwanja unacho, nauli ya kwenda kwenye riziki je? Kuna waliouza wakarudi mjini.

Mimi nasema wahame, lakini fidia ihesabu na nauli, isiishie kwenye kuta na mabati, na Pugu pashughulikiwe kwanza au angalau pamoja. Maana mto unaweza kuuchimba leo ukapendeza, huko juu watu wakiendelea kukata miti na kujenga kwenye mteremko, masika machache tu mchanga umerudi, ila aliyehamishwa hana pa kurudi, kwake pameshakuwa bustani.